Rivyu ya twisheni ya jioni: wiki sita za kwadratiki, walimu wawili na kona moja ya kitambaa

Nimelipa elfu arobaini na tano kwa wiki sita, juu yake elfu tatu ya kuprinti maswali, juu yake tena boda ya kurudi nyumbani usiku maana daladala za Mbagala saa tatu usiku unazijua mwenyewe, kwa hiyo hii rivyu inatoka kwa mtu aliyetoa hela yake mfukoni, hakuna aliyenipa ofa nisifie.

Kwanza mjue naandika nikiwa nani. Mi ni fundi cherehani, nina miaka 31, Form Four nilimaliza na F ya hesabu na wala sikushangaa matokeo yalivyotoka, kwenye chumba cha mtihani nilikuwa najua kabisa hapa nachafua karatasi tu. Sasa kuna chuo nataka kwenda kusoma ushonaji ule wa kuchora paterni kwenye kompyuta, wakaniambia dada lete walau D ya hesabu. D inaanzia 30. Thelathini kati ya mia, yani sio maajabu, ila ukiwa umekaa miaka kumi na kitu hujagusa x na y hiyo thelathini unaiona kama Kilimanjaro. Nikajisajili kurudia kama praiveti kandideti, nikaanza kutafuta pa kusoma jioni baada ya kufunga kibanda.

Hiki kituo wanauza hesabu kwa vifurushi kama bando la simu. Kuna kifurushi cha takwimu, kuna cha trigonometri, na aljebra wameikata vipande vipande, kwadratiki, yani zile hesabu zenye x², imekaa peke yake. Nikachukua hicho cha kwadratiki kwa sababu moja, nilipofungua pepa za miaka ya nyuma niliona kile kidude x² kinatokea kila mahali, unaweza ukakuta swali la eneo la shamba, ukienda mbele ukakuta pembetatu, ukienda mbele tena grafu, na kila ukifika katikati ya hesabu unajikuta umebaki na x² na huna pa kwenda. Ni topiki ya Form Tuu lakini inakufuata mpaka Form Foo kama deni la dukani.

Mazingira nitapita haraka. Darasa liko ghorofani juu ya duka la mabati, jina silitaji, wa huku mtajua na msiojua basi. Mabenchi ya watu kama thelathini, siku ya kwanza tulikuwa 38 nilihesabu vichwa. Feni moja, na iko kwa mwalimu. Maka za ubaoni zimekauka mpaka ukikaa nyuma unasoma kwa imani. Umeme ukikatika tunawasha tochi za simu na somo linaendelea, hilo nawapongeza. Nje ngazini kuna bango kubwa limeandikwa KWADRATIKI KWA SIKU MOJA, UFAULU ASILIMIA 100. Nilimuuliza dada wa mapokezi kama ni siku moja hizi wiki sita ni za nini, akacheka akaniambia dada hiyo ni biashara bana.

Jambo kubwa ambalo kwenye bango halipo ni kwamba walimu ni wawili. Jumatatu na Jumatano anaingia kijana, Jumanne na Alhamisi anaingia mzee mstaafu. Ukilipa unalipa wote wawili. Na rivyu yangu yote iko hapo, maana ni kama mmepangisha nyumba moja yenye vyumba viwili, kimoja kinavuja.

Naanza na kijana. Anajua hesabu, hilo halina ubishi, anaandika haraka kuliko mtu anavyosoma. Jumatatu ya kwanza aliingia saa kumi na mbili na nusu badala ya saa kumi na mbili, akaandika jenero fomula ubaoni, x ni sawa na minasi b jumlisha au toa kipeuo cha b mraba toa 4ac, yote hayo juu ya 2a, ambapo a ni namba ya x², b ni namba ya x na c ni ile isiyo na x, akasema hii kariri, ukiikariri hii huna haja ya kitu kingine duniani. Akatuimbisha. Kweli tuliimba, watu wazima 38, fundi, dereva, mabinti wa saluni, vijana wa boda, tunaimba minasi bii plasi o minasi skwea ruti, na wenye duka la mabati chini wanacheka. Sibishi, nimeikariri mpaka leo. Ila nikapewa x² − 7x + 12 = 0 nikakwama palepale, kwa sababu b ni hasi saba, na mi nikaandika minasi saba juu kama nilivyoimba. Kumbe minasi ya hasi saba inageuka chanya saba. Wimbo hausemi hivyo. Nikapata majibu hasi tatu na hasi nne badala ya tatu na nne, nikaona yanapendeza tu, nikafunga daftari.

Jumatano akaja na kufaktaraizi, yani kuivunja hesabu iwe mabano mawili yanayozidishana. Akaandika 6x² + x − 12 = 0, akasema tunagawanya ile x ya kati kuwa 9x na hasi 8x, akaendelea. Kuna baba mmoja wa miaka hamsini na kitu, dereva, alinyoosha mkono akauliza, samahani mwalimu, hiyo tisa na nane umeitoa wapi? Kijana akajibu, "Wewe mzee, hiyo inakuja tu kichwani, ukizoea utaona." Wewe mzee! Mtu mwenye umri wa baba yake, kalipa elfu arobaini na tano kama sisi. Darasa zima lilinyamaza. Yule baba alikaa chini na siku ile hakuuliza tena kitu.

Sasa mzee.

Jumanne aliingia saa kumi na mbili kamili, shati la mikono mirefu, kafunga vifungo mpaka juu na joto lile, tukamwamkia shikamoo mwalimu wote hata wale wenye mvi, akaitikia marahaba mmoja mmoja karibu. Hakuandika fomula. Aliuliza kila mtu anafanya kazi gani. Mi nilidhani anapoteza muda, nikaangalia saa. Kumbe alikuwa anakusanya mifano.

Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba kwa nini tunapeleka kila kitu upande mmoja na upande mwingine tunaacha sifuri. Miaka yote niliyosoma sikuwahi kujiuliza. Akasema, mkizidisha vitu viwili mkapata 12, hamjui chochote, inaweza kuwa 3 na 4, 2 na 6, nusu na 24, haziishi. Lakini mkizidisha vitu viwili mkapata sifuri, lazima kimoja wapo ni sifuri, hakuna njia nyingine. Sifuri ndo namba pekee inayowasaliti wazazi wake. Ndo maana (x − 3)(x − 4) = 0 inakwambia x ni 3 au 4, na ndo maana ukiwa na 12 pale badala ya sifuri kufaktaraizi hakukusaidii kitu.

Alhamisi akarudi kwenye ile 6x² + x − 12 ya jana yake, nadhani yule baba alimfuata ngazini akamwambia. Akasema hakuna kinachokuja kichwani tu. Zidisha 6 kwa 12, ni 72, na alama ni hasi. Andika jozi zote za 72 kwenye pembeni ya karatasi: 1 na 72, 2 na 36, 3 na 24, 4 na 18, 6 na 12, 8 na 9. Kwa kuwa ni hasi, moja inajumlishwa nyingine inatolewa, na tofauti yao lazima iwe 1 ile iliyobeba x. Jozi gani tofauti yake ni moja? Darasa zima likapiga kelele nane na tisa. Yule baba dereva alikuwa wa kwanza. Basi unapata (2x + 3)(3x − 4) = 0, x ni hasi tatu juu ya mbili au nne juu ya tatu. Dakika tano, mistari sita, haihitaji kipaji.

Halafu akaweka mtego, x² = 5x. Nusu ya darasa tukagawa kwa x kila upande tukapata x = 5, tukafurahi. Akauliza, na sifuri? Weka sifuri pale muone. Sifuri mraba ni sifuri, tano mara sifuri ni sifuri, imekubali. Kumbe tulipogawa kwa x tulilichinja jibu moja kimyakimya. Anasema kwenye kusahihisha hili ni kosa alilolichoka kuliko yote, na ukilihamisha tu, x² − 5x = 0, x(x − 5) = 0, majibu yote mawili yanakaa mezani.

Lakini sababu ya mi kuandika yote haya ni Alhamisi ya wiki ya pili. Hapo ndo nilipoona hela yangu imerudi.

Topiki ilikuwa kukamilisha skwea. Shuleni kwetu hii tuliruka, ticha alisema ni ndefu na kuna fomula. Mzee akaja na karatasi za manila amezikata nyumbani. Akasema leo tunafanya swali la zamani sana, la bwana mmoja wa Baghdad miaka ya 800 na kitu, al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake ndo kimetupa neno aljebra, na jina lake mwenyewe ndo limezaa neno algorithimu. Swali lenyewe ni x² + 10x = 39. Al-jabr, akasema, kwa Kiarabu ni kurudishia, ndo neno hilohilo la kuunga mfupa uliovunjika. Akanigeukia, "Dada fundi, njoo hapa mbele."

Akanipa kipande cha mraba akaniambia hiki kila upande ni x, hatujui ni ngapi, eneo lake x². Akanipa mstatili, ambao upande mmoja ni x na mwingine ni 10. Hiyo ndo 10x. Vyote viwili pamoja ni 39. Akaniambia, nataka unitengenezee mraba mmoja mkubwa. Nikasema haiwezekani mwalimu, mstatili umekuwa mrefu upande mmoja. Akasema wewe si fundi? Nikauangalia, nikaukunja katikati, nikaomba mkasi. Nikapata vipande viwili vya 5 kwa x. Kimoja nikakiweka ubavuni mwa ule mraba, kingine nikakiweka chini yake. Na hapo hata kabla hajasema nikaiona. Kona inakosekana! Pale chini kulia kuna shimo la 5 kwa 5, ni kitu ninachokiona kila siku nikikata blauzi, ukiunga mabaki pande mbili siku zote kona inabaki wazi na unatafuta kiraka.

Kiraka ni 5 mara 5, ni 25. Ukiweka kiraka eneo linakuwa 39 jumlisha 25, ni 64. Mraba wa 64 upande wake ni 8. Na ule upande ni x jumlisha 5. Basi x ni 3. Nilisimama pale mbele na gundi kidoleni nikasema mungu wangu, ndo hii tu? Miaka yote ile "chukua nusu ya b, ipandishe kipeo cha pili, ongeza pande zote" nilikuwa naisikia kama uganga. Nusu ni kwa sababu umekata mstatili vipande viwili. Mraba ni kwa sababu shimo lina umbo la mraba. Kuongeza pande zote ni kwa sababu kiraka lazima ukilipie na upande wa pili.

Binti mmoja wa saluni, mkali kweli yule, akauliza mbona kwa njia ya kawaida jibu lingine ni hasi 13, liko wapi kwenye karatasi? Mzee akafurahi mpaka akavua miwani. Akasema halipo, na al-Khwarizmi mwenyewe aliliacha, alitaka majibu chanya tu kwa sababu alikuwa anafikiria maeneo na kitambaa hakina upana wa hasi. Sisi tunaliandika kwa kuwa 64 ina vipeuo viwili, 8 na hasi 8, na kwenye mtihani ukiandika kimoja umejikata maksi mwenyewe.

Wiki iliyofuata akafanya kitu kilekile kwa herufi. Ukigawa yote kwa a, ule mstatili unakuwa b juu ya a, ukiukata katikati ni b juu ya 2a, kiraka ni huo mraba wake, ambao chini yake kuna 4a². Ukisogeza sogeza, ukija kutoa kipeuo, ile 4a² inatoka ikiwa 2a na inakaa chini ya kila kitu, ndo ule wimbo wa kijana wa Jumatatu! Yani fomula ni kiraka kilichopigwa pasi. Na toka siku hiyo sijawahi tena kusahau kwamba 2a inagawa mstari mzima na sio kipeuo peke yake, kosa ambalo nilikuwa nalifanya kila mara kwa sababu kwenye kuimba huwezi kusikia mstari unaishia wapi.

Kingine nampa maksi ni vitabu vya namba, zile mathematiko tebo. Kalkuleta kwake marufuku. Tulikuwa na 2x² + 5x − 4 = 0, ile b mraba toa 4ac inakuja 57, haina kipeuo kizuri. Nikafungua tebo nikapata 2.387. Nikamaliza hesabu yote nikapata hasi 0.65, nikapeleka. Akaniambia dada fundi, saba mara saba ngapi? Arobaini na tisa. Nane mara nane? Sitini na nne. Sasa kipeuo cha 57 kinakuwaje mbili na kitu? Kumbe tebo za vipeuo zina sehemu mbili, moja ya namba za 1 mpaka 10 na nyingine ya 10 mpaka 100, nilikuwa nasoma 5.7. Upande sahihi ni 7.550, na majibu ni 0.64 na hasi 3.14 kwa desimali mbili. Kosa la kijinga, na naapa nusu ya darasa tulikuwa nalo.

Kuhusu kalkuleta, kuna kijana wa boda alikuwa na moja ya kichina ya bei chee ambayo ukiingiza a, b, c inatema majibu. Alikuwa anaringa nayo Jumatatu maana yule mwalimu kijana haikatazi. Siku moja swali lilikuwa x² + 2x + 5 = 0, kalkuleta ikasema hasi 1, akaandika x = −1 akapiga mstari. Mzee akamwambia weka hasi moja tuone: moja, toa mbili, jumlisha tano, ni nne. Sio sifuri. Kumbe juu kwenye kona ya kioo kulikuwa na kialama kidogo R na I na mshale katikati, inamaanisha jibu lina sehemu nyingine ya kufikirika ambayo hajaifungua, yani kwa Form Four hilo swali halina jibu kabisa, b mraba toa 4ac inatoka hasi 16. Toka hapo jamaa aliificha kwenye begi. Na pepa yenyewe imeandika juu kabisa kwamba njia zote zionyeshwe, kwa hiyo hata ikipatia haikusaidii sana.

Haya, mzee naye sio malaika. Wiki ya tano alitufundisha njia aliyoiita njia yangu. Kwa mfano x² − 6x + 7 = 0, majibu mawili yanajumlika kuwa 6, basi wastani wao ni 3, basi moja ni 3 jumlisha kitu na nyingine ni 3 toa kitu hichohicho. Yakizidishwa ni 9 toa kitu mraba, ambayo lazima iwe 7, basi kitu mraba ni 2, majibu ni 3 jumlisha au toa kipeuo cha 2, yani 4.414 na 1.586. Tamu sana, hakuna kubahatisha jozi. Alisema kaigundua mwenyewe miaka ya kufundisha. Nikaenda nyumbani nikatafuta kwenye simu, nikakuta profesa wa Marekani, Po-Shen Loh wa chuo cha Carnegie Mellon, aliisambaza mwaka 2019 na yeye mwenyewe anasema chembechembe zake ni za kale, toka enzi za Wababeli. Labda mzee kweli aliigundua kivyake, sijui, ndani yake ni kilekile kiraka tu, lakini nilitamani angesema. Sikumuuliza. Ni mzee wangu, nitaanzia wapi.

Swali nililolipenda kuliko yote alinitungia mimi. Fundi kanunua mita kadhaa za kitenge kwa 120,000. Kama kila mita ingepungua 1,000 angepata mita nne zaidi kwa hela ileile. Alinunua mita ngapi? Nilikaa nalo kibandani siku mbili, wateja wanasubiri. Ukiita mita n, bei ni 120,000 gawa kwa n, tofauti ya bei mbili ni 1,000, ukiondoa namba za chini inabaki n² + 4n − 480 = 0. Jozi za 480 zenye tofauti ya nne, 20 na 24. Mita 20, kwa 6,000 kila moja. Na kwa 5,000 zingekuwa 24. Nilihakikisha mara tatu kwa sababu sikuamini kwamba ni mimi nimeandika hiyo.

Malalamiko sasa. Wiki ya nne mzee aliumwa, siku mbili zote wakamleta kijana na hakuna aliyetuambia, tumepanda ngazi tunakuta tunaimba. Tukaomba zile siku zifidiwe, ofisi wakasema kifurushi ni cha wiki sio cha mwalimu. Hizo hela za kuprinti, maswali mengine yalikuwa yamerudiwa mara mbili kwenye karatasi moja. Grupu la WhatsApp ni matangazo ya vifurushi vingine kuanzia asubuhi, ukiuliza swali la hesabu linapotelea humo. Choo usiniulize. Na kijana, nimemvumilia mpaka mwisho, sio mtu mbaya, siku moja nilimkuta anamwelekeza yule binti wa saluni baada ya kipindi taratibu kabisa mpaka nikashangaa, nadhani mbele ya watu anaogopa kuulizwa. Ila ile "wewe mzee" hajawahi kuiombea radhi.

Mwisho wa kozi walitupa jaribio lao wenyewe la pepa nzima, maswali 14 kama ya mtihani, kumi ya maksi sita na manne ya maksi kumi. Nilipata 41. Mwezi mmoja kabla ya kujiunga nilijipima nyumbani nikapata 12. Swali la kwadratiki nilipata sita zote, na maksi nyingine za hapa na pale kwenye maswali ambayo x² ilikuwa imejificha. Logarithimu bado sifuri, tusidanganyane. Mtihani ni Novemba. Ile asilimia 100 ya kwenye bango sijui wanaihesabia wapi, kwenye jaribio letu waliopita maksi thelathini tulikuwa kumi na tisa kati ya ishirini na tisa tuliobaki, matokeo yalibandikwa mlangoni.

Nyota ni tatu na nusu kati ya tano. Zote tatu za mzee, nusu ya kwamba wanaendelea giza likiingia. Kama unaenda, kabla ya kulipa uliza Jumanne na Alhamisi anaingia nani na wakikwambia mzee kapumzika rudi nyumbani na hela yako. Jaribu kuomba ulipie siku zake tu, mi nilikataliwa ila kuna mtu kanong'ona kwamba awamu mpya wanakubali kwa elfu ishirini na tano. Beba tebo zako mwenyewe, za pale ni mbili na zimechanika kurasa hizohizo za vipeuo. Kaa mbele.

Zile karatasi za manila mzee alinipa niondoke nazo. Nimezibandika ukutani juu ya cherehani, mraba, vipande viwili, na kiraka cha kona nimekikata kwa kitenge cha njano kionekane. Juzi mteja alikaa anaziangalia weee, mwishowe akaniuliza dada hiyo ni paterni ya nguo gani, na mi nikaacha kushona nikaanza kumweleza.